Mvinyo wa Mnadani, Achari ya Posa

Kwa msomaji anayenikuta njiani leo katika mfululizo huu wa gazeti: jina langu Fawaz, kijana wa mtaa wa Wiyoni, Lamu, nimesomea utalii chuo kikuu, na nimeajiriwa katika hoteli moja ndogo kisiwani Manda. Niliingia kazini kwa sharti moja tu, kwamba mkono wangu hautagusa kileo. Meneja wangu, Valary, alilikubali sharti hilo na akaliheshimu.

Kisha jenereta ikafa. Mgeni wetu mmoja, Mzee Austin, alikuwa ametanguliza sanduku la mvinyo wa zamani alionunua kwenye mnada Nairobi, na hoteli nzima ilikuwa imeshika joto kama tanuri. Valary alilia mbele yangu. Alisema mvinyo ule ukipikika kwa joto, atakayefukuzwa ni yeye. Mimi sijui kumtazama mtu akilia. Nikalibeba sanduku hadi kwetu, nikalisukuma chini ya kitanda katika chumba cha ndani, penye kuta nene za mawe na ubaridi mchana kutwa. Nikajiambia kwamba hii ni amana, na amana haina dini.

Mamangu sikumwambia. Najua wapo waliolifunga gazeti kwa hasira walipofika hapo katika sehemu iliyopita. Sikuwalaumu.

Leo nawaeleza lililofuata.

Posa yangu kwa Hafswa ilikuwa imekaa mwezi mzima bila jibu. Babake, Bwana Abdulqadir, ndiye mwalimu aliyenisomesha darsani tangu nikiwa mdogo, na ana desturi yake mwenyewe: hamwozi binti yake mtu ambaye yeye hajala kwao. Husema nyumba hujulikana kwa sinia. Basi Jumatano, baada ya adhuhuri, alikuja kula kwetu.

Mamangu, Bi Zakiya, alikuwa jikoni tangu alfajiri. Tangu baba afariki sikuwahi kumsikia akiimba huku akipika. Siku hiyo aliimba.

Bwana Abdulqadir alikula wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa utaratibu, bila maneno, kama mtu anayesahihisha mtihani. Kisha akaonja achari ya maembe. Akasimamisha mkono. Akaonja tena.

"Siki hii si ya dukani," alisema. "Bi Zakiya, imetoka wapi?"

Mamangu alijibu kutoka nyuma ya pazia, na sauti yake ilikuwa na tabasamu.

"Ni ya Radhiya, ndugu yangu wa Faza. Kila mwaka huniletea."

Nikalirudisha tonge langu siniani.

Khaleti Radhiya hupika siki ya mnazi, huitia katika chupa yoyote aipatayo, iwe ya sharubati au ya mafuta. Ikifika kutoka Faza haina haja ya kubishiwa hodi ya pili. Huingizwa moja kwa moja chini ya kile kitanda cha ndani, kwa sababu hapo ndipo siki yetu ilalapo miaka yote. Lakini mwaka huu khaleti alikuwa hajatuma kitu. Nilijua, kwa kuwa mimi ndiye niendaye gatini kumpokelea mizigo yake.

Bwana Abdulqadir alikula achari mpaka akacheka mwenyewe kwa ulafi wake. Alipoinuka kuondoka, mamangu alimpa kopo zima la kioo aende nalo. Mgeni huyo alilipokea kwa mikono miwili. Akasema kesho ni Alhamisi, atakuwa amefunga kama ada yake, na achari ile ndiyo atakayofutari nayo. Kisha akanishika bega.

"Ijumaa baada ya sala, ndoo kwangu upate jibu lako," aliniambia. "Usiwe na hofu."

Mlango ulipofungwa, mamangu alinikumbatia na kulia. Mimi niliingia jikoni.

Chupa ilikuwa kando ya jiko, ya kijani iliyokolea, karatasi yake imeliwa na unyevu, kizibo kimechimbuliwa kwa kisu. Robo yake ilikuwa bado imo.

Nilimuuliza mamangu aliipata vipi. Alisema alikuwa akifagia chini ya kitanda akaona sanduku linatoa unyevu, akalifungua, akanusa, ni siki. Akashukuru kwamba Radhiya hamsahau, na kwamba imekuja siku yenyewe.

"Kwani kuna nini?" aliuliza.

Nilimtazama. Alikuwa na unga wa bizari mashavuni na uso wa mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Hakuna kitu, Mama," nilisema.

Hilo lilikuwa neno langu la kwanza la uongo kwake, na lilitoka kwa urahisi kuliko nilivyodhani.

Usingizi haukuja. Nilikuwa nikimsikia Bwana Abdulqadir wa zamani, akitusomesha mlango wa twahara, yaani usafi wa kisheria, sisi tumekaa mikekani tunasinzia. Mvinyo ukigeuka siki wenyewe, bila kutiwa kitu, umetwaharika, na siki yake ni halali. Lakini mtu akiutia kitu, kitunguu au chumvi au chochote, ili augeuze, hautwahariki. Yeye mwenyewe alinifundisha hayo. Sasa yote yalisimama juu ya swali moja: mamangu alipoifungua ile chupa, ndani mlikuwa na nini?

Naye wa kujibu si mimi. Sijawahi kuonja mvinyo. Ningeinusa chupa ile hadi pua ing'oke, nisingejua pale siki inapoanza na kileo kinapokwisha.

Alhamisi ilinipasa kulirudisha sanduku, maana jenereta ilikuwa imetengenezwa. Nililifunga kamba bila kutazama ndani. Sikutaka kuzigusa zile chupa zaidi ya nilivyozigusa. Ile iliyofunguliwa niliitia katika kikapu, nikaifunika kwa leso. Nilimwambia mamangu kwamba chupa zimechanganyikana na za mtu mwingine, nazirudisha. Uongo wa pili.

Mzee Austin alikuwa amelala baada ya chakula. Valary alikataa katakata nisimwamshe. Nikangoja barazani, na jua likazidi kuinama, hata alipotoka mwenyewe akiwa na miwani mkononi.

Ni wakili mstaafu, mtu wa maneno ya polepole. Nilidhani atanifokea. Nilimweleza yote: chumba cha ndani, kitanda, mamangu, achari, baba wa Hafswa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kuiona chupa.

Kabla ya kuinusa aliiinua dhidi ya mwanga. Alinionyesha zile ambazo hazijafunguliwa na kunifundisha kuzisoma. Kimo kikiwa bado shingoni, kuna matumaini. Kikishuka hadi mabegani, hewa imeshaingia. Kizibo kinachovuja ni kama mlango uliosahauliwa wazi.

Nikamuuliza, kwa kuwa nilitaka aendelee kuzungumza, kama vitu hivi vya mnadani vyafaa kunywewa kweli.

"Vingi havifai," alisema. "Mvinyo mwingi hutengenezwa unywewe ukiwa mchanga. Ni michache inayozeeka vizuri, na hiyo nayo hutaka kutunzwa kama mgonjwa: giza, ubaridi, isisumbuliwe. Mnadani hakuna anayekwambia chupa imekaa wapi. Unanunua uangalifu wa mtu usiyemjua, na mara nyingi ameshakufa."

"Basi mbona unanunua?"

"Ukinunua mlango wa zamani hapo Lamu, unaupapasa, unaona mchwa walipofika. Chupa haikupi nafasi hiyo. Mpaka uifungue, na ukishaifungua imekwisha." Aliifuta miwani. "Hizi zimeandikwa mwaka niliomwoa mke wangu. Yeye hayupo tena. Watoto wanakuja kesho. Nilitaka tuketi hapa tuone kama kuna iliyobaki hai."

Niliona haya. Nilikuwa nimehesabu hasara yangu tu, kumbe kule jikoni kwetu ilipikwa kumbukumbu ya mtu.

Aliinusa ile ya kikapuni. Akachovya kidole, akaonja, akakunja uso kama aliyeng'ata ndimu.

"Hii ilikufa zamani."

"Imekufa vipi, Mzee? Imeharibika, ama imekuwa siki?"

"Siki. Kali na safi."

"Ilikuwa siki hata kabla Mama hajaifungua?"

"Mvinyo haugeuki siki kwa siku mbili, Fawaz. Hii huenda imekuwa siki tangu hujazaliwa."

Nilimwomba aonje tena. Akaonja tena, akaniapia kwa jina la mkewe. Nikaanguka kusujudu pale pale barazani, paji la uso kwenye sakafu ya mgeni mnywaji, nikamshukuru Mola aliyeigeuza bila mkono wa mtu. Bwana Abdulqadir alikuwa amekula halali. Hafswa alikuwa bado wangu.

Mzee Austin alikuwa akicheka. Alisema ni heri chupa hiyo imewafurahisha watu wa posa kuliko kumsikitisha yeye kesho mbele ya watoto. Akaanza kufungua kamba za sanduku azihesabu zilizobaki.

Kicheko kikakatika.

"Na hii?"

Alikuwa ameshika chupa ya pili. Kizibo chake kilikuwa kimerudishwa vipande vipande na kufungwa kwa kitambaa cha jikoni. Nilikijua kitambaa kile. Nusu ya chupa haikuwapo.

Aliagiza bilauri. Akamimina kidogo. Alinusa kwa muda mrefu, kisha akanywa, kisha akaketi.

Sikuwa na haja ya kumuuliza. Machozi yalikuwa yanamtoka mzee wa watu, yanapita pembeni mwa mdomo unaotabasamu.

"Iko hai," alisema. "Fawaz, iko hai kabisa. Angekuwapo yeye, angeniambia nilikosea kungoja miaka yote hii."

Alichokuwa anakitafuta alikipata pale pale nilipopotewa na changu. Hakunitazama. Sikumlaumu, alikuwa mbali, na mtu mwingine.

Nilikwenda ukingoni mwa baraza, nikampigia mamangu simu. Nilijaribu kulainisha sauti. Nilimuuliza zile chupa mbili za siki alizitia wapi na wapi.

"Ya kwanza ndiyo mliyokula," alisema. "Iliyobaki haikutosha kopo la Bwana Abdulqadir, nikafungua nyengine."

"Ilikuwa siki kama ile?"

"Niliionja, haikuwa kali. Nikasema hii changa, Radhiya ameitoa mbio. Nikaitia ndimu na chumvi, ikakaa sawa." Kisha akauliza, "Sauti yako ina nini wewe?"

Nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Aliionja. Mamangu, ambaye hata dawa ya kikohozi huomba asomewe karatasi yake kwanza isije ikawa na kileo, aliionja kwa ulimi wake. Kisha akaitia chumvi, kitu kile kile tulichofundishwa. Na kopo lile lilikuwa Lamu mjini, mtaa wa Mkomani, nyumbani kwa mtu aliyefunga, likingoja adhana ya magharibi.

Nikampigia Hafswa.

"Ile achari ya jana," nilisema, "mwambie Baba asiile mpaka nifike."

"Kwa nini?"

Nilifungua mdomo. Ningemwambia, yeye ndiye angeibeba ile habari kutoka ukumbini hadi kwa babake, kwa miguu yake, kwa ajili ya kosa langu. Sikuweza kumtwika.

"Nakuja. Nitasema mwenyewe."

"Fawaz, Baba haambiwi asile chakula cha watu bila sababu. Atauliza, nami nitasema nini?"

"Nipe muda nifike tu."

"Kuna jambo unanificha," alisema. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama mtu anayesoma kitu alichokuwa anakihofia. "Wewe ndiye uliyeniambia hatutafichana. Mimi sikukuomba, ulisema wewe."

Akakata yeye.

Nahodha wa boti ya hoteli alikuwa amewapeleka wageni Shela. Nilisimama gatini na kuwapungia wapitao kama mwendawazimu, hata fundi mmoja wa mabomba aliyekuwa anarudi mjini akanichukua. Aliniuliza kama nyumbani kuna maiti. Nikamwambia bado.

Mji wa kale ukiwa na haraka nao, hukuletea punda katika kila kichochoro. Nilijibana ukutani, nikawaruka, nikaomba radhi kwa watu nisiowaona. Nilikuwa nimefika kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, la Bwana Abdulqadir wakati adhana inaanza, misikiti ikipokezana, na kila "Allahu Akbar" ilikuwa kama inaniita kwa jina.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi peke yake juu ya busati, tende mkononi, maji mbele yake. Aliponiona uso ukamchanua.

"Tumekuombea, umekuya," alisema. "Keti, tufutari."

Sikuketi. Alidhani ni adabu, akanivuta kwa upindo wa kanzu hadi nikakaa. Alikula tende, akanywa maji, akashukuru. Kisha akavuta sahani ya mkate wa mofa, akafungua lile kopo. Harufu ya pilipili na maembe ikapanda. Akachota kijiko kilichojaa, na kabla ya kuweka kwake, akaniwekea mimi.

"Mgeni kwanza," alisema. "Chakula cha kwenu hiki, kitakase ukianze."

Akanitazama, akingoja.

Ningekula, ningekula haramu huku najua, na yeye angenifuata kwa kuniamini. Ningekataa, ningemtukana mwenyeji aliyenipa tonge la kwanza kwa mkono wake. Ningesingizia tumbo, kopo lingebaki hapo, na kijiko cha pili kilikuwa tayari kinaelekea kwenye sahani yake.

Nikakishika kile kijiko. Mkono wa mwalimu wangu nikaushika.

"Usile, Bwana."

"Mbona?"

"Si siki. Ni mvinyo. Umetoka hotelini Manda, na aliyeuficha kwetu ni mimi."

Hakupaza sauti. Alitoa mkono wake katika wangu polepole, akakirudisha kijiko ndani ya kopo, akalifunika. Kisha akauosha mkono kwa yale maji aliyobakisha, kidole kimoja kimoja. Sikuwahi kuona kitu kinachokawia vile.

"Na ya jana?" aliuliza.

Nilimwambia kwamba ya jana ni halali, kwamba ilikuwa chupa nyingine, ilikuwa imegeuka siki yenyewe miaka mingi bila kutiwa kitu, kama alivyotufundisha. Nilisema nimehakikisha.

"Umehakikisha kwa ulimi wa nani?"

Nikalisogeza kopo mbali na sahani yake.

"Nimekuuliza, Fawaz. Wewe huuyui mvinyo. Ni nani aliyeonja?"

"Mwenyewe. Mgeni aliyeununua mnadani."

"Mnywaji."

"Ndiyo, Bwana."

Alitikisa kichwa, mara chache, kama aliyepigiwa hesabu akaiona inakwenda sawa na haimfai.

"Basi kilichomo tumboni mwangu tangu jana," alisema, "shahidi wake ni mnywaji, na aliyemleta shahidi ni mfichaji. Nawe ulikuwa waningojea Ijumaa nikupe mwanangu."

Nyuma ya pazia la ndani kitu kiligongana na kitu, kama bilauri na sahani, na nikajua Hafswa amesikia kila neno.

Bwana Abdulqadir alinikazia macho. Nilitegemea aniambie niinuke. Badala yake aliuliza jambo ambalo sikuwa nimelitayarishia jibu tangu Manda hadi pale, katika kukimbia kwangu kote.

"Mamako ayuwa?"

Nikisema anajua, nimemtia mamangu katika dhambi asiyoitenda, na hakuna mlango Lamu utakaompokea sahani yake tena. Nikisema hajui, nimekiri kwamba nilimtilia kileo chini ya kitanda anachosalia pembeni yake, nikamwacha akionje kwa ulimi wake, nikamwacha alale na kuamka akishukuru. Na mtu huyu angepaswa kumwambia, maana ni mwalimu, hawezi kumwacha muumini katika jambo kama hilo.

"Nijibu," alisema. "Bi Zakiya ayuwa alichonipa?"

"Niyuwe nini?"

Sauti ilitoka nyuma yangu, mlangoni.

Hafswa alikuwa amempigia simu baada ya kuzungumza nami, akamwomba aje haraka bila kumwambia sababu. Mamangu akaijaza sababu mwenyewe. Alikuwa amevaa buibui lake la sikukuu, kikuba cha asumini kifuani, anahema kwa haraka ya njia, na alikuwa anatutazama sote wawili, mwalimu na mimi, kwa uso wa mama aliyeitwa kuja kupokea jibu la posa.

"Niyuwe nini, Fawaz?" aliuliza tena, akitabasamu.